Taa ya Moteri Iliyorudi Mara Tatu



Wiki hii tunaomba nafasi tusimulie habari ya gari yetu. Wengi wenu mnaijua: ile nyeupe ya viti nane, yenye kupita asubuhi hapa Manika na watoto wa shule, kisha mchana inabeba unga na mafuta ya wamama wa soko. Mliona pia kwamba mwaka jana, tangu Septemba mpaka Novemba, leo ilionekana, kesho haionekani. Watu walisema mengi. Sasa tunasema wenyewe, pamoja na sehemu ya haya iliyo yetu.

Sisi ni wamama kumi na wanne. Nusu yetu ni walimu, tulitoka ISP na diploma. Wengine wanauza sokoni, na mmoja anashona. Gari tuliinunua kwa pesa tuliyoweka kidogo kidogo, miaka miwili mizima, mpaka ikafika kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam na Kasumbalesa. Ni ya mkono wa pili, lakini ni yetu. Tulipatana hivi: pesa yenye kuingia inalala ndani ya sanduku, na mwanzo wa mwaka wa masomo tunagawana kwa kulipa minervali ya watoto wa sekondari. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini kwa sekondari mzazi angali analipa. Basi kwetu ile gari ilikuwa na kazi moja kubwa: watoto wetu wasifukuzwe darasani.

Taa iliwaka juma la kwanza la Septemba. Ni ile taa ndogo ya rangi ya machungwa, yenye picha ya moteri, mbele ya shofere. Shofere wetu, mtu mzuri na mpole, alituambia: "Wamama, musiogope. Gari za Japani ziko hivi, ile taa inapenda tu kuwaka." Kisha akaifunika na kipande cha plasta, kile cha kufunga kidonda, isimsumbue macho usiku. Nasi tukacheka. Gari ilikuwa inatembea, nani atafuta maneno?

Siku ya kumi, asubuhi, watoto saba ndani, gari ilikuwa inapanda kuingia barabara kubwa yenye kupita malori ya migodi. Shofere akakanyaga, moteri ikatetemeka, nguvu ikapotea. Ikabaki katikati ya njia kama mbuzi aliyekataa kamba. Nyuma lori la shaba lilikuwa linapiga honi. Mungu ni mwema, dereva wa lori aliona, akapunguza. Watoto walifika shuleni, lakini mmoja wao alitapika kwa woga, na jioni hakuna mama aliyecheka tena juu ya ile plasta.

Tulikata shauri kuipeleka kwenye garaji kubwa, ile ya watu wenye kuuza gari mpya. Tulikuwa na sababu. Tulisema: sisi ni wanawake, hatujui gari, fundi wa chini ya mti atatuona wajinga. Lakini kule kuna vioo, kuna mashine, kuna watu wenye mavazi safi, kuna fakture yenye muhuri. Mama mtunza sanduku alikwenda na pesa, peke yake, maana sisi walimu tulikuwa darasani na wengine sokoni. Walipima na mashine, dolari 30. Walibadilisha kapteri ya oksijeni, kile kifaa kidogo chenye kukaa ndani ya bomba la moshi, dolari 170, na mkono wa kazi 40. Taa ikazimika. Tukasema asante.

Siku tisa. Taa ikarudi.

Mama mtunza sanduku akarudi pia. Wakapima tena, dolari 30 tena. Mara hii wakasema ni buji, wakabadilisha zote nne kwa dolari 60, na mkono wa kazi 40. Taa ikazimika. Siku sita, taa ikarudi, na gari ikaanza tena kutetemeka ikisimama kwenye njia panda. Mara ya tatu walipima, dolari 30, na wakasema sasa wameona: ni katalizeri, ile sehemu ya bomba la moshi yenye kusafisha hewa chafu. Bei: dolari 900.

Mnaweza kufanya hesabu wenyewe. Dolari 400 zilikuwa zimetoka, na taa ilikuwa palepale. Sanduku halikugawanywa. Mwezi wa kumi, watoto wanne wa chama chetu walirudishwa nyumbani juu ya minervali. Sisi tunaofundisha tunajua sura ya mtoto mwenye kuitwa jina mbele ya wenzake na kuambiwa achukue begi. Tumeona ile sura mara nyingi upande wa ubao. Mara hii tuliiona upande wa mlango wa nyumba yetu.

Hapo ndipo maneno yalianza. Nani alianza, hatutasema, na kwa kweli hakuna aliyeanza peke yake. Mmoja aliuliza: "Kwa nini anaendaga peke yake?" Mwingine: "Fakture gani hii, mistari miwili tu, kutengeneza moteri, na pesa juu?" Wa tatu akasema wazi: "Anakula na wale wa garaji." Sisi wengine hatukusema hivyo. Lakini hatukusema pia kwamba si kweli. Tulinyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa neno.

Kwenye mkutano wa Jumamosi mama mtunza sanduku alisikiliza mpaka mwisho. Alitoa ufunguo, akaweka juu ya meza. Akatoa kaye yake, ile ya mistari, akaweka pembeni ya ufunguo. Akasema: "Kila kitu kiko humu. Someni, ninyi munaojua kusoma." Akaenda.

Tulisoma usiku ule. Wamama, ile kaye ilituaibisha. Aliandika tarehe, saa, kilometa za gari, jina la kila aliyepokea pesa. Na kila mara ya kupima, aliuliza mashine imesema nini, akaandika vile alivyosikia: P0171. Mara ya kwanza P0171. Mara ya pili P0171. Mara ya tatu P0171. Hakujua maana yake. Hakuna kati yetu aliyejua. Lakini hata mtoto wa darasa la nne angeona kwamba ni namba ileile.

Mwalimu akiona namba hiyo anakumbuka kazi yake. Mtoto akiandika 6 × 4 = 10, unaweka alama nyekundu. Ile alama inasema kuna kosa. Haisemi kosa limetoka wapi. Ukifuta 10 na kuandika 24, daftari itakuwa safi, lakini kesho mtoto ataandika 7 × 3 = 10. Lazima ukae naye, umuulize: "Ulifanya namna gani?" Ndipo unaona kwamba anajumlisha mahali pa kuzidisha. Ile garaji ilikuwa inafuta daftari yetu na kutuuzia kalamu mpya. Taa haikuzimika kwa sababu gari ilipona. Ilizimika kwa sababu mashine yao ina kidude cha kufuta. Kosa likiwa bado lipo, gari inatembea siku chache, inajipima tena yenyewe, na taa inarudi.

Tulikwenda garaji wanne, na kaye mkononi. Tuliuliza kwa heshima: "Shefu, kama namba ilikuwa hii tangu mwanzo, na mlibadilisha kapteri, na namba ikarudi ileile, kwa nini tuliambiwa buji? Na kama buji hazikuiondoa, kwa nini sasa katalizeri?" Alisema mashine ndiyo inaonyesha. Tukaomba vile vifaa vya zamani vilivyotolewa. Vilikuwa vimetupwa. Tukaomba atuandikie namba na maana yake juu ya karatasi. Hapo alituangalia kidogo, akaandika: mchanganyiko mwepesi, hewa nyingi, esansi kidogo. Tulisema asante, dolari 900 hatuna, tutarudi.

Kuna kijana mmoja wa Manika, alisoma mekanike, anatengeneza gari mbele ya nyumba ya mama yake. Ndiye yule wa chini ya mti tuliyemuogopa. Ana kifaa kidogo kama kiberiti, anakichomeka chini ya volani, na namba inaonekana kwenye telefoni yake. Hiyo si uchawi wala siri ya garaji kubwa. Marekani iliweka sheria kwamba tangu 1996 kila gari ndogo mpya iwe na tundu moja la aina hiyo, lenye miguu 16. Ulaya ilifuata kwa gari za esansi 2001. Na gari nyingi za Japani za miaka ile zina tundu hilohilo. Namba zenye kuanza na P0 zina maana moja karibu kila mahali. Kwa hiyo namba ambayo garaji ilitutoza dolari 30 mara tatu, kijana aliisoma kwa dakika mbili.

Lakini hakuishia kwenye namba. Alituuliza: "Wamama, inatetemeka wakati gani? Ikiwa baridi ao ikiwa moto? Ikipanda ao ikisimama?" Hakuna mtu aliyekuwa ametuuliza vile. Kisha akafungua kapo, hakushika hata ufunguo mmoja. Alipitisha vidole chini ya mpira mkubwa wenye kutoa hewa kwenye filtri na kuipeleka kwenye moteri, ule wenye mikunjo kama akordeoni. Akawasha moteri, akanyunyiza maji kidogo na chupa chini ya ule mpira. Sauti ya moteri ikabadilika palepale. Akatuita: "Njooni muone." Ndani ya mkunjo, upande wa chini, mahali macho hayafiki, mpira ulikuwa umepasuka urefu wa kidole. Moteri ikitulia, ufa ulijifunga. Shofere akikanyaga, moteri inajivuta upande, ufa unafunguka.

Alitueleza kwa maneno ya kawaida, nasi tunawapa vile tulivyoelewa. Mlangoni mwa hewa, karibu na filtri, kuna kapteri yenye kuhesabu hewa inayoingia. Ordinateri ya gari inatoa esansi kufuatana na hesabu ile. Hewa yenye kuingia kwa ufa inapita nyuma ya yule mhesabu, kama mtu mwenye kuingia harusini kwa dirisha: hayuko kwenye hesabu, lakini atakula. Esansi inakuwa ndogo, moteri inakosa nguvu. Kule nyuma, ndani ya bomba la moshi, kapteri ya oksijeni inaona hewa imezidi, inapiga taarifa, taa inawaka.

Basi ile kapteri ya kwanza iliyotupwa kwa dolari 170 haikuwa na kosa. Ndiyo iliyokuwa inasema ukweli. Kijana alipomaliza kueleza hivyo, tuliangaliana, na hakuna aliyetaja jina la mama mtunza sanduku. Haikuwa lazima.

Akatuambia jambo lingine lililotutisha zaidi. Hapa kwetu, wakati wa kiangazi, mnajua vumbi. Malori yanapita, vumbi jekundu linakaa juu ya mboga, juu ya nguo kwenye kamba, ndani ya meno. Filtri ya gari iko pale kwa kuzuia vumbi hilo. Ufa ulikuwa nyuma ya filtri. Miezi miwili moteri yetu ilikuwa inavuta vumbi bila chujio, na vumbi la namna ile linasaga chuma ndani kama msasa. Tungelipa zile 900, katalizeri ingekuwa mpya, taa ingezimika siku sita, na moteri ingeendelea kuliwa. Mpira wa kuokota kwenye gari nyingine ulikuwa dolari 20. Mkono wa kijana, pamoja na kusafisha kapteri ya hewa na kubadilisha kolye iliyolegea, dolari 15. Taa ilizimika Novemba. Mpaka leo tunapoandika, haijarudi.

Tulirudi kwenye garaji kubwa na ule mpira uliopasuka ndani ya mfuko. Hatukwenda kupiga kelele. Shefu aliutazama, akaugeuza, akatukubalia kubadilisha mafuta ya moteri na filtri bure. Pesa hakurudisha. Na alisema neno moja ambalo, kwa haki, lazima tuliandike: "Wamama, ninyi mulikuja mukisema, tuzimie taa. Tuliizima." Tulikasirika njiani, kisha tukaona kwamba hakusema uongo. Kweli, ndivyo tulivyoomba. Hatukusema, tafuta kwa nini inawaka.

Kwa hiyo, wamama, kama nyumbani kwenu ama kwenye chama chenu kuna gari, chukueni haya.

Jueni rangi. Taa ya machungwa yenye kukaa imewaka inasema: nenda polepole, tafuta fundi karibuni. Ikianza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, na moteri inatetemeka, punguza mwendo na simamisha mahali pazuri, kwa sababu esansi isiyoungua inaingia kwenye katalizeri na kuiharibu kweli. Taa nyekundu, ile ya mafuta ya moteri ao ya moto, ni kusimama mara moja na kuzima. Plasta si dawa ya taa yoyote.

Ombeni namba kabla ya bei, na andikeni. Msikubali ifutwe kabla ya kuandikwa, maana mashine ikifuta, inafuta pia kumbukumbu ya namna moteri ilivyokuwa wakati kosa lilitokea. Taa ikirudi na namba ileile, kazi haijaisha. Semeni hivyo kwa heshima, na msilipe kupima mara ya pili. Namba ikibadilika, hilo ni jambo lingine.

Anzeni na vitu vya bei ndogo: kifuniko cha esansi kimefungwa vizuri? Filtri imejaa vumbi? Mipira imepasuka? Kolye zimekazwa? Hayo yanaangaliwa na macho na vidole. Kabla ya kazi, semeni kwamba kila kifaa kitakachotolewa kirudi ndani ya mfuko. Na fakture iandikwe mstari kwa mstari: kifaa gani, kwa nini, bei gani. "Kutengeneza moteri" si fakture.

Na asiende mtu mmoja na pesa. Si kwa sababu ni mwizi. Ni kwa sababu siku mambo yakiharibika, atakuwa hana shahidi.

Tunamaliza na lile lililo gumu zaidi. Jumapili moja baada ya misa tulikwenda kwa mama mtunza sanduku, wote kumi na watatu, na kuku mmoja na unga, kuomba msamaha. Alitufungulia, alitupa viti, alikopa viti vingine kwa jirani. Tulisema tuliyokuwa nayo. Mmoja wetu, yule aliyesema neno la kula, alipiga magoti. Mama alimwinua, akasema: "Dada, imeisha." Akapokea kuku. Ufunguo wa sanduku hakuupokea. Alisema: "Kaye nitawafundisha kuandika. Ufunguo, hapana."

Tumeomba mara mbili tangu siku ile. Bado anakataa, na anatusalimia vizuri, na watoto wake wanapanda gari kila asubuhi. Sasa sanduku lina funguo tatu kwa wamama watatu, na kaye inakaa wazi juu ya meza ya mkutano, kila mtu asome. Mwaka huu tuligawana mwezi wa tisa, na hakuna mtoto wetu aliyerudishwa.

Moteri ilipona kwa dolari 35.